Mtoto na Kazi ya Uhandisi: Tuanze Mapema Shuleni



Tunapopita katika jumuiya ndogo ndogo siku hizi, kuna swali moja ambalo wazazi hawachoki kutuuliza. Mzazi anasema, "Hawa watoto wa mtaala mpya wanaambiwa wachague njia ya masomo. Wangu anasema eti anataka kuwa injinia. Sasa injinia ni mtu gani hasa, na mimi ambaye sikusoma sana nitamsaidia vipi?" Ni swali zuri, na halifai kujibiwa kwa haraka mlangoni pa kanisa watu wakiwa wamesimama juani. Ndiyo maana tumeonelea tulieleze hapa taratibu, ili mlisome pamoja nyumbani na katika jumuiya.

Lakini kwanza tuwasimulie jambo tuliloliona kwa macho yetu.

PAMPU ILIYOLALA MIEZI SABA

Tulikwenda katika shule moja ya msingi upande wa kusini mwa Kwale. Hatukwenda kwa ajili ya uhandisi. Tulikwenda kwa sababu mwalimu mkuu alilalamika kwamba wasichana wanachelewa na wengine hawaji kabisa. Mwalimu wa Gredi ya 5 alitufungulia daftari la mahudhurio, na kweli, majina ya wasichana yalikuwa na alama nyekundu kuliko ya wavulana. Tulipouliza sababu tukaambiwa: maji. Pampu ya mkono iliyoko karibu na shule ilikuwa imekufa miezi saba iliyopita. Kamati ilikuwa imeandika barua mara tatu kwa ofisi inayohusika na hakuna mtu aliyekuja. Basi watoto wa kike wakawa wanateremka hadi bwawani alfajiri na mitungi kabla ya kuja shule.

Nyuma ya shule kunaishi bibi mmoja, mama wa Kidigo wa miaka sabini hivi. Tulipita kumwamkia. "Shikamoo, bibi." "Marahaba wanangu, karibuni." Tukazungumza, tukafika kwenye habari ya pampu. Akasema, "Hiyo pampu haikufa. Mpira tu ndio umeisha. Unapiga mpini, unasikia mwepesi, maji hayapandi. Hiyo ni mpira." Tukamuuliza amejuaje. Akaingia ndani, akatoka na spana moja kuukuu iliyofungwa katika kipande cha leso. Akatueleza kwamba miaka ya 1980, alipokuwa mama kijana, alikuwa mmoja wa akina mama waliofundishwa kutunza pampu za kijiji.

Haya aliyosema yanajulikana vizuri. Pampu inayoitwa Afridev ilibuniwa na kufanyiwa majaribio huko Malawi na hapa kwetu Kenya katika miaka ya 1980, na Kwale ni mahali pamoja ambapo majaribio yalifanyika. Waliyoibuni walijiwekea sharti: pampu iwe ni ya kutengenezwa na wanakijiji wenyewe. Kwa hiyo wakaifanya iweze kufunguliwa kwa spana moja, na pistoni iweze kuvutwa juu kupitia ndani ya bomba bila kung'oa mabomba yote kutoka kisimani. Inaweza kuvuta maji kutoka kina cha hadi mita 45. Na akina mama ndio waliofundishwa kuitunza, kwa sababu wao ndio wachotaji na wao ndio wanaoumia inapoharibika.

Wiki iliyofuata tulirudi na mpira mpya tulioununua mjini kwa pesa chache zilizochangwa na kamati. Bibi akaja na spana yake. Mwalimu mkuu akaruhusu Gredi ya 5 wote watoke nje wakatazame. Bibi akafungua kichwa cha pampu, akawaonyesha fimbo, akavuta pistoni nje, akawaonyesha mpira wa zamani ulivyolika pembeni, akaweka mpya, akafunga. Msichana mmoja akaambiwa apige mpini. Mara ya kumi hivi maji yakatoka na watoto wakapiga kelele.

Halafu msichana huyo akauliza, "Bibi, kwani wewe ni injinia?" Bibi akacheka. Akasema, "Mimi sikusoma, mjukuu wangu. Nilionyeshwa tu."

Sisi jambo lililotuuma ni hili. Maarifa ya kutengeneza pampu ile yalikuwa hatua mia moja kutoka shuleni kwa miezi saba yote. Hakuna aliyemwuliza bibi, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mwanamke mzee anaweza kujua mambo ya mashine. Na kwa zaidi ya miaka 30 hakuna mtoto aliyefundishwa kazi ile baada yake. Pampu iliachiwa watu, lakini ujuzi haukurithishwa.

UHANDISI NI NINI?

Watu wengi wakisikia injinia wanafikiria mtu wa kofia ngumu anayesimama kando ya barabara akionyesha matrekta kwa kidole. Huyo yupo, lakini si yeye peke yake.

Kwa maneno mepesi, uhandisi ni kutumia hesabu, sayansi na akili ya kawaida ili kutatua shida ya watu kwa kutengeneza kitu au mpango unaofanya kazi, usio hatari, na ambao watu wanaweza kuumudu. Tazameni sharti hilo la mwisho. Pampu ya bei ghali ambayo fundi wake anatoka Nairobi inaweza kuwa mashine nzuri na bado ikawa uhandisi mbaya kwa kijiji cha Kinango.

Tukitazama huku na huku tutaona kazi za wahandisi pande zote. Maji wanayokunywa watu wengi wa Mombasa yanatoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200, na bomba lake lilijengwa miaka ya 1950. Maji hayo yanateremka kwa sababu Mzima iko juu kuliko pwani; mtu alikaa chini akapima miinuko na mabonde kabla bomba moja halijalazwa. Reli ya zamani ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, na ile mpya ya kwenda Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017. Huko Olkaria karibu na Naivasha, tangu mwaka 1981 mvuke wa ardhini unazungusha mitambo na kuleta stima. Na jiko la makaa lenye udongo ndani na bati nje, ambalo liko katika nyumba nyingi, liliboreshwa hapa Kenya mapema miaka ya 1980 na mafundi wa jua kali ndio waliolitengeneza na kulieneza. Udongo unahifadhi joto, kwa hiyo makaa kidogo yanapika chakula kilekile. Huo pia ni uhandisi.

FUNDI NA MHANDISI NI NDUGU

Kuna mambo hapa ambayo wazazi wanachanganya, na tuyapange vizuri.

Katika kazi hizi kuna ngazi. Kuna fundi mwenye cheti cha ngazi ya kwanza, ambaye anajifunza kazi moja kwa mikono, kama uashi, kuchomelea vyuma au kuunganisha stima. Kuna fundi mwenye cheti cha juu zaidi. Kuna mwenye diploma, ambaye anasimamia kazi, anapima na kusoma michoro. Halafu kuna mhandisi mwenye shahada, ambaye kwa kawaida husoma chuo kikuu miaka 5. Akimaliza, bado hajiiti mhandisi hivi hivi tu. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 inataka aandikishwe na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, kwanza kama mhandisi mhitimu, na baada ya kufanya kazi chini ya wengine na kupimwa, ndipo aandikishwe kama mhandisi mtaalamu. Sababu ni kwamba daraja au ghorofa likianguka watu wanakufa, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kujibu.

Hakuna ngazi isiyo na maana. Mhandisi akichora nyumba na mwashi akapunguza simenti, nyumba itaanguka. Na mtu anaweza kupanda ngazi: wako waliotoka chuo cha ufundi cha kijijini wakafika diploma na hata shahada.

Lakini tuseme ukweli. Sisi Wakenya tumedharau ufundi kwa muda mrefu. Dharau hiyo ina historia. Wakati wa ukoloni, shule za Waafrika zilisisitizwa zifundishe useremala, uashi na kilimo; hata Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilipendekeza elimu ya namna hiyo. Wazee wetu waliona kwamba kalamu inabaki kwa wengine na nyundo inaletwa kwao, nao wakakataa. Walikuwa na haki ya kushuku. Ubaya ni kwamba tumebaki na ile dharau hata baada ya sababu yake kwisha. Mpaka leo mzazi anamwambia mtoto, "Usiposoma utaishia kuwa fundi."

Makanisa yamejaribu kurekebisha jambo hili. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza vijana wanaomaliza shule waende wapi, na kutokana nayo vikaanza vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo leo viko chini ya serikali za kaunti. Sisi Wakatoliki tunamkumbuka Mtakatifu Yohane Bosco, ambaye mwaka 1853 kule Torino, Italia, alianzisha karakana za ushonaji wa viatu na nguo kwa vijana maskini, na Wasalesiani wake wanaendesha vyuo vya ufundi hapa Kenya hadi sasa. Na tusisahau kwamba watu wa Nazareti walimjua Bwana wetu kama seremala. Tangu mwaka 1955 Kanisa linaadhimisha Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei. Basi tunaona haya ya nini?

KWA NINI TUANZE NA WATOTO WADOGO?

Samaki mkunje angali mbichi. Mtaala wa umilisi ulianza rasmi nchini mwaka 2019 katika gredi za chini, na wanafunzi wake wa kwanza waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Kabla ya kuingia huko, kila mtoto anachagua njia moja kati ya tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Wakati huo mtoto ana miaka 14 au 15. Kama hajawahi kumwona mhandisi, hajawahi kushika spana, na hajui hesabu zinatumika wapi, atachagua kwa kufuata rafiki yake au kwa kuogopa.

Katika sekondari ya chini, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, kuna somo la utangulizi wa ufundi. Hilo ni jambo jema. Lakini kwa maoni yetu tukingoja hadi hapo tumechelewa, hasa kwa wasichana. Tuliwaomba watoto wa Gredi ya 4 katika shule tuliyoitaja wachore injinia. Wengi walichora mwanamume na lori. Hakuna hata mmoja, si msichana si mvulana, aliyechora mwanamke. Wana miaka 9 au 10 tu, na tayari wameshajua, bila kuambiwa, kwamba mlango ule si wa wasichana.

Wapo watakaosema mtoto wa miaka sita hawezi kuelewa uhandisi. Sisi tunajibu: mtazameni akicheza. Mtoto wa pwani anatengeneza tiara kwa karatasi na njiti za makuti, na isipopaa anaongeza mkia. Mwingine anatengeneza gari la waya lenye usukani mrefu na magurudumu ya vifuniko. Likienda upande analikunja upya. Hajafundishwa na mtu. Ameona shida, akafikiri, akatengeneza, akajaribu, akarekebisha. Hizo ndizo hatua za mhandisi. Kazi ya shule ni kumwambia kwamba anachofanya kina jina, na kinaweza kuwa kazi.

MAMBO YA KUFANYA SHULENI BILA PESA NYINGI

Tumejaribu mazoezi haya pamoja na walimu. Hayahitaji maabara.

1. Watoto wa chekechea na Gredi ya 1 (miaka 4 hadi 6). Wape mchanga wenye unyevu, vijiti, makopo na vifuu. Waambie, "Kuku wa mwalimu ananyeshewa. Mjengeeni nyumba." Usiwaonyeshe namna. Wakimaliza mwaga maji juu kidogo kwa kikombe. Nyumba ikivuja, waulize, "Tufanyeje?" Zoezi zima liko katika swali hilo.

2. Gredi ya 2 na ya 3 (miaka 7 hadi 8). Daraja la karatasi. Weka matofali mawili, nafasi kati yake iwe urefu wa kalamu. Lalia karatasi moja ya daftari juu, kisha weka kijiwe katikati. Itaanguka. Sasa kunja karatasi ileile mikunjo midogo midogo kama bati la nyumba, uiweke tena. Itabeba kijiwe, na pengine viwili au vitatu. Waulize kwa nini. Karatasi iliyolala ni nyembamba mno, haina kimo cha kupinga kupinda. Mikunjo inaipa kimo. Halafu watoke nje watazame paa la darasa, waone kwa nini bati lina mikunjo.

3. Gredi ya 4 (miaka 9 hadi 10). Nguvu ya pembetatu. Funga vijiti vinne kwa kamba viwe mraba. Usukume pembeni: unalala. Ongeza kijiti kimoja kutoka pembe hadi pembe. Sasa haulali, kwa sababu umekuwa pembetatu mbili, na pembetatu haiwezi kubadili umbo bila kijiti kuvunjika au fundo kulegea. Waonyeshe kenchi za paa la kanisa. Watoto wetu wamekaa chini ya kenchi zile kila Jumapili bila kujua kwa nini fundi aliweka mbao za kimshazari.

4. Gredi ya 5 na ya 6 (miaka 10 hadi 12). Maji ya paa. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba inaleta lita 1 ya maji. Watoto wapime urefu na upana wa jengo. Tuseme ni mita 20 kwa mita 8: hiyo ni mita 160 za mraba. Mvua ya milimita 25 inaleta lita 4,000. Toa sehemu moja ya tano kwa yanayomwagika na kupotea, zinabaki lita 3,200, yaani mitungi 160 ya lita 20. Halafu waulize, "Mitungi hiyo iko wapi?" Kama hakuna mfereji wa paa wala tangi, maji yote yamekwenda bondeni na udongo wa shamba. Katika shule ile, watoto waliandika hesabu hiyo kwenye karatasi kubwa na mwalimu mkuu akaipeleka katika kikao cha wazazi. Tangi bado halijapatikana, lakini mifereji ya jengo moja imeshawekwa na wazazi wenyewe.

Katika mazoezi yote haya, mwalimu asiharakishe kutoa jibu, wala asimcheke mtoto ambaye chake kimeanguka. Kuanguka kwa daraja la karatasi hakumuumizi mtu, na ni afadhali mtoto ajifunze hapo.

MGENI ANAPOKUJA DARASANI

Njia nyingine ni kualika watu wanaofanya kazi hizi. Anza na walio karibu: mwashi, fundi wa stima, makanika, fundi wa mifereji, mtu wa kampuni ya maji au wa barabara za kaunti. Kama mnamfahamu mhandisi aliyezaliwa kijijini kwenu, mwandikieni mapema kabla hajaja likizo ya Krismasi. Zingatieni haya:

- Mwalimu mkuu akubali kwanza, na mwalimu wa darasa awepo muda wote. Mgeni yeyote, hata awe mtu wa kanisa, asiachwe peke yake na watoto. Hiyo ni kanuni ya ulinzi wa watoto na haina msamaha.
- Asitoe hotuba. Dakika 10 zinatosha. Alete vifaa vyake watoto wavishike, na mchoro wa kazi aliyofanya.
- Aeleze pia alivyoshindwa: kazi iliyoharibika, mtihani alioanguka, jinsi alivyorudia.
- Angalau mgeni mmoja kati ya wawili awe mwanamke. Sisi tulimpata injinia mmoja wa kike wa maji. Alikuja na buti zake za kazi. Msichana mmoja aliuliza kama mumewe anamruhusu kupanda juu ya tangi. Darasa lilicheka, lakini mama yule hakucheka. Akajibu kwamba kabla ya kupanda anaangalia kama ngazi imefungwa vizuri, basi.
- Mwisho, mgeni asiahidi kazi.

Hilo la mwisho tulifafanue. Tusiwadanganye watoto kwamba kila anayesoma uhandisi atapata gari na nyumba. Wako wahitimu wenye shahada wanaotafuta kazi, tunawajua, wengine ni watoto wa parokia yetu. Chuo kikuu ni miaka mingi na karo ni nzito hata kwa mwenye mkopo wa serikali. Tunachoweza kusema kwa ukweli ni kwamba shida za maji, barabara, stima, nyumba na mashine hazitakwisha, na mwenye ujuzi wa kuzitatua anayo nafasi, iwe katika ofisi au katika karakana yake mwenyewe. Na hata yule atakayekuwa muuguzi au mkulima atanufaika kwa kuwa amejifunza kufikiri namna hiyo.

TAHADHARI

Watoto wakianza kupenda kufungua vitu, watafungua kila kitu. Kwa hiyo tuwawekee mipaka. Stima ya ukutani haiguswi kabisa, wala waya ulioanguka barabarani. Mazoezi ya stima yafanyike kwa betri ndogo za tochi, na betri isipasuliwe. Wembe na kisu vishikwe na mtu mzima. Mabomba ya sindano yaliyookotwa yasichezewe hata kama yanafanana na pampu. Na mtoto asiteremke kisimani kwa sababu yoyote ile.

WAZAZI WAFANYE NINI?

Mzazi asiyejua kusoma bado anaweza kufanya mengi. Mtoto akiuliza "kwa nini," usimwambie "nyamaza, unasumbua." Mwambie, "Sijui, twende tukaulize fundi." Redio ikiharibika, mruhusu atazame inapofunguliwa. Ukipima shamba au kununua simenti, mpe yeye afanye hesabu. Kazi za kutengeneza vitu nyumbani zisiwe za mvulana peke yake huku msichana akioshwa macho na moshi jikoni. Wote wawili wapike, na wote wawili washike nyundo. Na mtoto mwenye ulemavu asisahauliwe. Asiyetembea anaweza kuchora na kupima vizuri kuliko anayekimbia.

Zaidi ya yote, tuwatazame wazee wetu wenye ujuzi. Katika kila kijiji yuko mtu kama bibi yule. Tumwulize kabla hajaondoka nao.

Msomaji atapenda kujua mambo yalivyoendelea. Mwalimu wa Gredi ya 5 alianzisha chama kidogo kinachokutana Ijumaa mchana. Bibi anakuja anapokuwa na nafuu ya miguu. Watoto sita, wanne wao wasichana, sasa wanaweza kufungua pampu na kubadilisha mpira wakiwa na mtu mzima, na kamati inaweka mpira wa akiba katika kabati la mwalimu mkuu. Tulipotembelea mara ya mwisho tuliomba tena kuonyeshwa daftari la mahudhurio. Alama nyekundu bado zipo, kwa sababu utoro una sababu nyingi, lakini zimepungua. Na ile spana, bibi bado anakataa kuiacha shuleni. Anasema ataitoa siku atakapoona kuna mtoto anayeweza kufunga pampu bila kusahau nati hata moja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Ni kifaa gani cha jamii kijijini kwetu kimeharibika, na ni nani kati yetu anayejua kukitengeneza?
2. Tunawaambia nini watoto wetu kuhusu kazi za mikono? Maneno hayo tuliyatoa wapi?
3. Je, kuna msichana katika jumuiya yetu anayependa hesabu au kutengeneza vitu? Tumemtia moyo namna gani?
4. Ni mafundi au wahandisi gani wawili tunaoweza kuwaalika shuleni muhula ujao? Nani atazungumza na mwalimu mkuu, na siku gani?

Tunawaomba mkishajadili mtuletee majibu ofisi ya maendeleo ya parokia, hasa la swali la kwanza, ili tuandike orodha ya mafundi wa kila kijiji.